La Kitini, la Jikoni

Taa iliwaka kijani, na Bwana Tawfiki Mselem, Katibu wa Baraza la Mawaziri, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Safi kabisa, Mheshimiwa. Hebu rudia, ila safari hii usimeze mate kabla ya kusema. Kamera zitakuwa karibu."

Waziri Mkuu Anselmo Kibinda alikuwa ameketi kwenye kiti cha mazoezi, viganja vyote viwili vimelala juu ya mabamba ya chuma, ukanda mwembamba umembana kisogoni. Akarudia kama alivyoambiwa. "Taarifa ya nyufa za bomba la Kisimbwe haikufika mezani kwangu."

Taa ikawaka kijani tena, bila kusita hata kidogo. Na kwa nini isite? Maneno yalikuwa ya kweli. Taarifa haikufika mezani kwake, iliishia mlangoni, na yeye ndiye aliyeifungia mlango. Lakini hilo hakuulizwa, na taa haijibu ambalo halikuulizwa.

Kiti kile cha mazoezi kilikuwa pacha wa kile kikubwa kilichomo ndani ya ukumbi wa Bunge, ambacho watu wa Jamhuri ya Lukemba hukiita Kiti, basi, bila jina jingine. Vijiweni wanadai kinasoma mawazo ya mtu. Uongo mtupu. Kinachosoma ni ule mtikisiko mdogo wa neva unaompata binadamu pale mdomo wake unaposema hili na akili yake inaamini lile. Vikikubaliana, taa ya juu ya Kiti inawaka kijani. Vikiachana, inawaka nyekundu, na Waziri Mkuu aliyeiwasha nyekundu si Waziri Mkuu tena. Anashuka palepale, na jioni anakula chakula chake kama mwananchi wa kawaida. Hakuna rufaa, hakuna kamati, hakuna cha msalie Mtume.

Kibinda aliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote, maana aliiandika yeye. Miaka kumi na tisa nyuma, akiwa mbunge mgeni aliyekalishwa benchi la mwisho karibu na mlango wa maliwato, alisimama na muswada wake binafsi mkononi, sauti ikimtetemeka, akasema nchi imechoka kudanganywa. Siku muswada ulipopita watu walimbeba mabegani kutoka ngazi za Bunge mpaka barabarani. Tangu hapo Kiti kimekwisha kuwaondoa Mawaziri Wakuu wawili, mmoja kwa kusema hamfahamu mkandarasi fulani, mwingine, maskini, kwa kusema kwamba usiku analala vizuri.

Sasa, serikali ni watu, na watu hawakosi njia. Kama Kiti hakidanganyiki, basi anayekikalia asijue kitu. Hapo ndipo desturi ilipoanzia. Kabla ya kila kikao cha Baraza, mawaziri walianza kukutana wenyewe kwa wenyewe, bila mkuu wao, katika kichumba kilichokuwa zamani jiko la kuchemshia chai. Kila lenye mashaka, kila lenye harufu, kila ambalo mtu mwenye akili timamu asingetaka kuulizwa hadharani, liliishia humo. Na waziri yeyote aliyebisha mlango wa Waziri Mkuu aliulizwa swali moja kabla hata hajavuta kiti: "Ni la kitini au la jikoni?" Kama la kitini, karibu, kaa, sema. Kama la jikoni, geuza ulikotoka. Halikuandikwa popote. Hakuna anayemkumbuka aliyeliuliza kwanza. Lilizoeleka tu, kama watu wanavyozoea kuvua viatu mlangoni, na Kibinda naye alilikuta, akalirithi, akaliona ni busara.

"Tuendelee na swali la nyongeza," alisema Mselem, akifunua ukurasa. "Mbunge wa Kisimbwe atauliza ni nani aliyetakiwa kukuletea hiyo taarifa. Wewe utajibu: ni Waziri wa Hewa na Makazi. Nukta. Usiongeze."

"Na Winifrida?"

Mselem alishusha miwani. Alikuwa mtu mwema, tusimsingizie. Alikuwa amehudumia Mawaziri Wakuu wanne, na wawili walimfia mikononi kwa taa nyekundu, kwa hiyo alikuwa na woga wa mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka.

"Mheshimiwa Lusingu yuko chini ya kifungu cha tisa cha sheria ya Kiti. Waziri aliyezuia taarifa inayogusa uhai wa watu isimfikie Waziri Mkuu, miaka saba jela. Askari wa Bunge wameshaambiwa. Watamsubiri mlango wa mashariki baada ya kipindi cha maswali."

"Hakuizuia. Wewe unajua hakuizuia."

"Mimi sijui lolote, Mheshimiwa. Sikuwepo chumbani." Akaivaa miwani yake. "Na yeye amekula kiapo. Yanayosemwa chumbani kwako hayatoki bila ruhusa yako, na ruhusa hujatoa. Atanyamaza. Mheshimiwa Lusingu ni mtu wa adabu sana."

Hilo la adabu lilimchoma Kibinda. Alinyanyua viganja kwenye mabamba akavifuta kwenye suruali. Alikuwa akijaribu tangu Jumatatu kutoikumbuka Jumanne ya wiki iliyopita, na kila alipojaribu ndivyo ilivyozidi kumjia.

Jumanne ile Winifrida Lusingu alibisha saa nne kasoro. Faili alilishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sinia lenye chai. Yeye Kibinda alikuwa amesimama mbele ya kioo akijaribu hotuba ya sherehe za miaka hamsini ya Jamhuri, zilizokuwa zifanyike Jumamosi palepale Kisimbwe.

"Nina jambo la Kisimbwe, Mheshimiwa."

"La kitini au la jikoni?" aliuliza bila kugeuka.

Kwenye kioo Kibinda alimwona akilitazama faili, kisha akimtazama yeye mgongoni. "La jikoni," alisema.

"Basi lipeleke jikoni, dada."

"Ningeomba dakika tano tu."

"Alhamisi nakaa kitini, Winifrida. Unanijua."

Mlango ukafungwa taratibu, na yeye akaendelea na hotuba kutoka pale alipokuwa ameachia.

Kisimbwe iko bondeni. Tangu miaka ya joto kali ilipoingia, hakuna mtu awezaye kukaa bondeni mchana bila kuletewa ubaridi, ndiyo maana serikali ilishusha mabomba kutoka milimani, na kila nyumba ikatobolewa tundu ukutani ambamo hewa baridi hupulizwa mchana kutwa. Jumamosi ya sherehe, wageni wa nchi tatu za jirani walikuja kuyatazama mabomba hayo ili nao wajenge ya kwao. Kibinda alisimama jukwaani akaweka kiganja mbele ya tundu, akasema, hii ndiyo pumzi ya taifa. Walimpigia makofi mpaka akaona haya. Jumatatu, saa sita na robo mchana, bomba kuu lilipasuka. Lilipokuja kuzibwa ilikuwa saa kumi na moja, na watu arobaini na mmoja walikuwa wamekufa ndani ya nyumba zao, wengi wao wazee na watoto wachanga.

*

Lusingu alimkuta Kibinda kwenye kijichumba cha kungojea, kile kilicho baina ya ofisi na ukumbi, ambako mawaziri hunyoosha makoti yao kabla ya kuingia. Zilibaki dakika kumi na tano kengele ipigwe. Alivaa gauni la kijivu na ushungi mweusi wa matanga, na mkononi alikuwa na mkoba wa nguo, ule wa kusafiria, si wa ofisini.

Kibinda aliuona mkoba, akaelewa.

"Umejuaje?"

"Askari mmoja wa mlangoni anatoka kwetu. Alinipigia simu jana akilia." Aliketi kwenye benchi, akauweka mkoba miguuni. "Nimefungasha khanga mbili, kandambili na dawa zangu za presha. Wanasema sweta unaruhusiwa moja. Kule gerezani milimani kuna baridi."

Alisema hivyo bila kejeli, ndivyo alivyokuwa. Waliingia bungeni mwaka mmoja, yeye na Kibinda, wakakaa benchi moja la nyuma, na siku ile ya muswada ni Lusingu aliyemshikia karatasi zisipeperuke. Mbele za watu waliitana Waheshimiwa. Wakiwa peke yao Kibinda alikuwa kaka, naye Lusingu dada, na watoto wao walijua kwamba shangazi Winifrida haulizwi anaondoka lini.

"Dada, mimi..."

"Sikuja kukulilia, kaka. Wala sikuja kukuomba. Kama mmoja lazima abebe zigo, bora nibebe mimi kuliko serikali nzima ianguke. Nimeshamwambia mume wangu. Amekasirika, lakini ameelewa." Alishusha pumzi. "Nimekuja kwa sababu kuna kitu kinanila, na sina mwingine wa kumwambia. Jela siiogopi. Kinachoninyima usingizi ni kwamba niliitikia. Uliniuliza ni la wapi, na mimi kwa mdomo wangu nikasema la jikoni. Nilijiona nakulinda. Nililipeleka jikoni nikawasomea: bomba kuu lina nyufa tatu, linahitaji kufungwa siku nne, watu elfu sita wapandishwe milimani kwa siku hizo nne. Unajua walivyosema?"

Kibinda alitikisa kichwa.

"Walisema tungoje sherehe zipite. Wageni wamekwisha kualikwa, sasa tuwapokee kwenye mji mtupu? Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, huku wanakunywa chai. Nikatoka humo, nikapita mbele ya mlango wako. Nilisimama pale, kaka. Nilisimama kitambo. Nikawaza, ningeusukuma huu mlango, ningelifunua hili faili mezani kwake, apende asipende. Halafu nikajiambia hapana, Winifrida, usimharibie mwenzio Alhamisi yake. Nikaenda zangu."

Sasa machozi yalikuwa yakimtoka, akayafuta kwa ncha ya ushungi bila kuyaonea haya.

"Ungewahamisha," alisema. "Nakujua mimi. Wewe ndiye uliyesimama peke yako kwenye ule muswada. Ungelisoma lile faili, na kufikia Jumatano jioni Kisimbwe yote ingekuwa milimani, wazee wamefunikwa mablanketi. Wale watu nimewaua mimi, kwa adabu zangu."

Kibinda alitaka kumwambia si kweli. Alitaka kumwambia aliyefunga mlango si wewe. Badala yake alijikuta anautazama ule mkoba wa nguo, zipu yake iliyokwama nusu, ncha ya khanga imechungulia nje. Kengele ilipigwa. Lusingu akasimama, akajinyoosha gauni, akatangulia kuingia ukumbini kwa sababu kanuni inataka mawaziri watangulie.

*

"Maswali kwa Waziri Mkuu," alisoma Katibu wa Bunge mezani. "Swali la kwanza. Mheshimiwa Shemsa Ndekwa, Mbunge wa Kisimbwe."

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Jukwaa la wageni lilikuwa jeusi tupu, maana wafiwa walikuja na nguo zao za msiba, wakakaa kimya, wengine na picha mapajani. Kibinda alikwisha kufungwa ukanda. Mabamba chini ya viganja vyake yalikuwa baridi, na juu ya kichwa chake ile taa ilikuwa bado haijawaka rangi yoyote.

Ndekwa alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi wa upinzani, mwenye sauti nene ambayo siku nyingine iliwachekesha hata wa upande wa serikali. Leo hakuwa na mzaha.

"Mheshimiwa Spika, nakushukuru. Nimezika watu arobaini na mmoja, na leo sina hotuba. Nitamtaja mmoja tu. Bi. Mwanaasha Kilindo, mkunga mstaafu, ndiye aliyenipokea mimi duniani. Tulimkuta ameketi chini ya tundu la hewa na ungo mkononi. Alikuwa akijipepea, akingoja baridi irudi. Naomba Mheshimiwa Waziri Mkuu aniambie: alijua kwamba lile bomba lilikuwa na nyufa?"

"Mheshimiwa Spika," alisema Kibinda, na hakumeza mate. "Taarifa ya nyufa za bomba la Kisimbwe haikufika mezani kwangu."

Kijani. Wabunge wa chama chake wakagonga meza kwa nguvu, wengine wamesimama, kwa furaha ya watu waliokuwa wamekaa roho mkononi. Kutoka jukwaani hakukutoka hata kikohozi. Kibinda aliutazama umati ule mweusi na akaona kwamba wamemwamini. Hilo ndilo lililomtia uchungu. Walikuwa wamekiachia Kiti kiwasemee, wakaacha kuuliza zaidi ya pale taa inapofika, na aliyewafunza hivyo ni yeye.

"Swali la nyongeza," alisema Spika, mzee Gervas Malongo, akigonga nyundo yake.

"Mheshimiwa Spika, kama haikumfikia, basi ni nani aliyetakiwa kuifikisha?"

Kwenye viti vya maofisa, kando ya ukumbi, Mselem alikuwa ameinama mbele, midomo inatembea kidogo kama mzazi anayemsikiliza mwanawe akisoma somo darasani. Kibinda aligeuza shingo kadiri ukanda ulivyomruhusu. Lusingu alikaa safu ya pili, mikono mapajani, mkoba baina ya miguu. Hakuwa akimtazama. Alikuwa akiutazama mlango wa mashariki.

"Waziri wa Hewa..." alianza Kibinda, akanyamaza.

Spika akainua nyusi.

"Mheshimiwa Spika, Waziri wa Hewa na Makazi alikuja nayo. Alikuja Jumanne, siku sita kabla ya bomba kupasuka, saa nne kasoro asubuhi, faili likiwa mikononi. Mimi nilimzuia. Aliniomba dakika tano, nikamnyima. Nilimnyima kwa sababu nilijua Alhamisi nitaketi hapa, na sikutaka kuwa na kitu cha kujibu."

Taa ilikuwa kijani. Ilibaki kijani sentensi baada ya sentensi, alipoeleza habari ya jikoni, alipolitaja lile swali la mlangoni, alipokiri kwamba ameliuliza kwa miaka minne bila kuona haya. Upande wake ulikwisha kuchafuka. Mmoja alikuwa akipaza sauti, "Mwongozo wa Spika! Mwongozo!" na mwingine akidai Waziri Mkuu anaumwa, atolewe nje apumzike. Mselem alikuwa amefunga faili lake, uso ameufunika kwa viganja.

"Na kwa mamlaka niliyo nayo," Kibinda aliendelea, akiinua sauti juu ya kelele, "namfungulia Mheshimiwa Lusingu kiapo chake. Aseme yote. Hakuficha kitu. Kifungu cha tisa hakimhusu yeye, kinanihusu mimi, ila mimi nilipokiandika sikuwaza kwamba Waziri Mkuu anaweza kujinyima taarifa mwenyewe."

Lusingu sasa alikuwa anamtazama. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, na uso wake, wallahi, ulikuwa na fahari. Ndivyo alivyomtazama siku ile ya muswada, karatasi zikiwa kifuani. Kibinda alihisi kifua kinamfunguka. Kazi ilikuwa imekwisha, alilijua hilo. Chama kitamtupa kabla ya wiki kuisha. Lakini alikuwa ameirudia nafsi yake, au ndivyo alivyojiona, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu aliweza kuvuta pumzi mpaka ndani.

Spika aligonga nyundo mara tano ndipo ukumbi ukatulia.

"Mheshimiwa Ndekwa, una swali moja la mwisho. La mwisho kweli."

Ndekwa alikuwa bado amesimama. Karatasi yake aliikunja, akaiweka mezani. Alikuja na maswali ya kumkalia kooni mtu anayekwepa, na sasa hakuna aliyekwepa, kwa hiyo aliuliza lililomjia.

"Tuseme ungemsikiliza, Mheshimiwa. Tuseme angekupa hilo faili, ukalisoma pale pale. Ungefanya nini?"

Lilikuwa swali rahisi. Kibinda karibu atabasamu. Kati ya yote aliyoulizwa katika miaka minne ya kukikalia Kiti kile, hakuna alilokuwa na hamu ya kulijibu kama hili.

"Ningewahamisha watu wote siku ileile," alisema.

Taa ikawaka nyekundu.

Kwanza Kibinda alidhani chombo kimeharibika. Aliinua kiganja cha kulia, akakiangalia kama kina jasho, akakirudisha. Wekundu ulikuwa umemwagika juu ya mikono ya koti lake na juu ya karatasi za Katibu mezani. Alifungua mdomo aseme kuna makosa, jamani, kuna makosa, kisha akaufunga, kwa sababu alikuwa ameanza kuona, ndani yake mwenyewe, kile ambacho Kiti kilikwisha kukiona.

Spika alivua miwani. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, na ya huruma.

"Mheshimiwa Waziri Mkuu. Kanuni inakupa dakika moja ya kusahihisha jibu lako. Haitakurudishia cheo. Ni kwa ajili ya kumbukumbu rasmi za Bunge tu. Unaweza pia kunyamaza. Wenzako wawili walinyamaza."

Kibinda alifumba macho. Akarudi Jumanne, chumbani kwake, mbele ya kioo. Safari hii akamwacha Lusingu aingie. Akamwacha aweke faili mezani na kulifunua. Akazisoma nyufa tatu, siku nne, watu elfu sita. Kisha akajitazama anachofanya, kwa uaminifu, bila kujipaka mafuta, na akajiona anaitazama kalenda ukutani. Akawaona wageni wa nchi tatu wakishuka kwenye ndege. Akaiona hotuba yake imekaa tayari na ule mstari wa pumzi ya taifa alioupenda mno. Alijisikia akisema jambo, tena kwa upole, kwa sauti yake ileile ya siku zote. Kumbe hakuufunga mlango ili asijue. Aliufunga ili asione atakachofanya akijua.

Akafumbua macho.

"Ningemuuliza kama bomba linaweza kungoja sherehe zipite," alisema. "Angesema haliwezi. Ningemwambia lingoje."

Taa ikawaka kijani.

Hakuna aliyegonga meza. Juu jukwaani mama mmoja aliyekuwa ameinua picha aliishusha, akaigeuza uso chini mapajani. Ndekwa alikaa taratibu, na ilionekana wazi kwamba angetamani asingekuwa ameuliza.

Lusingu alisimama. Hakuomba ruhusa ya Spika wala hakuinamisha kichwa kwenye siwa, lile rungu la Bunge, kama ilivyo desturi, yeye ambaye hajawahi kusahau. Alichukua mkoba wake wa nguo, akapita kwenye njia ya katikati, na alipofika usawa wa Kiti akasimama. Ile fahari ilikuwa imekwisha usoni. Alionekana mzee, na amechoka.

"Wiki nzima, kaka," alisema kwa sauti ndogo, lakini vipaza sauti vilimdaka na nchi nzima ikamsikia, "wiki nzima nimekuwa nampigia Mungu magoti anisamehe kwa kukunyima nafasi ya kuwaokoa."

Kisha akatoka kwa mlango wa mashariki, na askari wakampisha. Kibinda alibaki ameketi, viganja juu ya mabamba, na ile taa ya kijani ikaendelea kummulika mpaka mhudumu wa Bunge alipokuja kumfungua ukanda.